Njiti za kibiriti na ndege iliyokuwa nzito

Assalam aleikum wazee wangu, mama zangu, na nyinyi wanangu mlojaa huku mbele na simu zenu, hamjambo. Nimepewa dakika ishirini halafu mshereheshaji akanitambulisha eti "injinia", hilo nalisahihisha mapema kabla halijafika mtaani, mimi si injinia, mimi fundi wa ndege mstaafu, umri wangu nimeumalizia chini ya tumbo la ndege, spana mkononi tochi mdomoni. Rubani yuko juu anapata sifa, mimi niko chini nadondokewa na oili. Kwa hiyo leo nikiongea habari za marubani msitarajie nitawasifu bila kipimo, fundi humjua rubani kwa vile anavoirudisha ndege, hadithi zake anazopiga kantini tunaziacha huko huko kantini.

Mlitaka vita vya angani, nimekuja navyo, na nimekuja na kibiriti hiki hapa nimekinunua dukani hapo nje. Kina kazi yake, subirini.

Nianzie hapa hapa Mombasa ili mtu asije akasema mzee katupeleka mbali. Aprili 1942 Wajapani waliingia Bahari ya Hindi na manowari tano za kubeba ndege, wakapiga Colombo, wakapiga Trincomalee, kule Sri Lanka ya leo, tarehe 5 wakazamisha meli mbili kubwa za kivita za Waingereza, Dorsetshire na Cornwall, tarehe 9 wakaizamisha Hermes ambayo nayo ilikuwa ya kubeba ndege. Mwingereza akaona hapa hapakaliki, akarudisha meli zake mpaka Kilindini. Kilindini hii hii mnayoivuka na feri ya Likoni kila siku mkisukumana. Hata shule ya Allidina Visram ikachukuliwa, wakakaa mle watu wa kufumbua ujumbe wa siri wa Wajapani. Watu wa hapa wakawa wanaziona meli zimejipanga bandarini na sidhani kama kuna mtu aliyewaambia zimekimbia nini. Basi katika zile manowari tano za Mjapani mbili zinaitwa Akagi na Soryu, ziwekeni akilini hizo, tutakutana nazo tena.

Sasa twende Marekani, mwaka mmoja nyuma, 1941, Marekani bado haijaingia vitani. Kuna afisa mmoja anaitwa John Thach, wenzake wamezoea kumwita Jimmy, mtu wa Arkansas, kamanda wa kikosi namba 3 cha ndege za kivita cha jeshi la majini, makazi yake kule San Diego. Mwezi wa tisa ikamfikia ripoti ya kijasusi kwamba Wajapani wana ndege mpya wanaitumia China, inapanda kama imerushwa na manati, inakata kona ndogo kuliko ndege yoyote, na inakwenda mbali kupita kiasi. Ndo hiyo Zero. Wengi walioisoma waliona porojo, Mjapani gani huyo wa kutengeneza ndege kutushinda sisi. Mnalijua neno hilo, hata huku kwetu lipo, mtu anamdharau mwenzake mpaka siku ya kufungwa matano bila.

Thach hakudharau. Alijiambia hata kama nusu tu ya haya ni kweli, sisi tumekwisha.

Na hapa niwaeleze yeye alikuwa anaendesha nini. Ndege yao inaitwa Wildcat, kiwanda cha Grumman, ukiiona pichani utadhani pipa la mafuta limebandikwa mabawa. Nzito. Inapanda kwa kujivuta. Na kuna jambo moja ambalo mimi kama fundi lilinichekesha nilipolijua mara ya kwanza, tairi zake zikitoka ardhini hazijikunji zenyewe, rubani anazikunja kwa mkono, kuna hendeli pale kwenye paja la kulia anaizungusha zaidi ya mara ishirini na tano, sasa mkono wa kulia uko kwenye hendeli, kwa hiyo usukani anaushika kwa kushoto, na kila akizungusha mwili unayumba na ndege inayumba naye. Watu walikuwa wanasimama kwenye sitaha wanaziangalia Wildcat zinaondoka zinapepesuka kama mlevi anayetoka kilabuni. Mimi mwenyewe nimewahi kupampu tairi za ndege ndogo kwa mkono, iko juu ya jeki, hangani, kivulini, na nilitoka jasho. Sasa wewe fanya hivo uko futi mia mbili juu ya maji na adui anakuja.

Uzuri wake? Upo, tusiitukane mpaka mwisho. Nyuma ya kiti cha rubani kuna bamba la chuma. Tangi la mafuta lina mpira ndani yake, risasi ikitoboa ule mpira unavimba unaziba tundu. Na bunduki zake rashasha nne nzito, za milimita 12.7. Zero haikuwa na hilo bamba wala hilo tangi, wale jamaa walitoa kila kilo waliyoweza kuitoa ili ndege iwe nyepesi, kwa hiyo ikipigwa vizuri mara moja inawaka. Shida ni kuipata hiyo mara moja, maana kila ukimfukuza hayuko pale ulipodhani yuko, na ukizubaa kidogo yuko mkiani kwako.

Naomba hilo mlishike vizuri. Thach hakukaa kusubiri ndege bora. Alikubali kwamba Mjapani anamzidi kwa kupanda, anamzidi kwa kona, hata kwa mbio anamzidi, akaandika hivo vitu kama mtu anavoandika madeni yake, halafu ndo akauliza, sasa kilichobaki nini? Kilichobaki bunduki nzuri, mafunzo mazuri ya kulenga, na ndege isiyokufa haraka. Na mwenzako.

Ndo kikaja kibiriti. Usiku nyumbani kwake anatoa njiti anazipanga kwenye meza ya kulia chakula, hii ndege yangu, hii ya mwenzangu, hii ya adui, anazisogeza, hapana, anaanza tena. Asubuhi anakwenda kujaribu angani alichokipata usiku. Siku nyingi kidogo alifanya hivo. Hebu wewe binti na wewe kijana mwenye fulana ya kijani, njooni hapa, shikeni njiti moja moja.

Angalieni. Zamani marubani waliruka wamebanana, mkubwa mbele mdogo nyuma kidogo. Thach akawatenganisha. Wewe binti kaa kushoto, wewe kijana kulia, mwende sambamba, na nafasi baina yenu iwe sawa na upana wa duara moja ambalo ndege yenu inahitaji ili igeuke. Nafasi hiyo ndo dawa, wala usiichukulie poa. Sasa kazi ya binti ni kulinda mkia wa kijana, kazi ya kijana ni kulinda mkia wa binti. Hakuna anayejitazama mwenyewe. Adui huyu hapa, njiti yangu, namwingilia kijana nyuma. Kijana hanioni. Binti ananiona. Binti, kata kona umfuate kijana! Haya, kijana, umemuona mwenzako kakata kona anakuja upande wako, ina maana gani? Ina maana una mtu nyuma. Hajakuita, redio haikulia, kule kugeuka kwake ndo ujumbe wenyewe. Na wewe kata kona kumwelekea yeye. Mnapishana hivi, kama mikasi. Mimi adui nikikomaa kumfuata kijana najikuta uso kwa uso na bunduki nne za binti. Nikimwacha kijana nikakimbia, pia sawa, amepona, na ubavu wangu umebaki wazi. Halafu mnapishana tena, mnarudi. Kusuka tu huku, mama zangu mnaelewa kuliko hawa wanaume, ukuti unapita juu unapita chini.

Mbio haziingii hapo. Kupanda hakuingii hapo. Mambo yote ambayo Zero inakuzidi umeyatoa mchezoni.

Akaijaribu. Alimchukua rubani wake mmoja kijana anaitwa Edward O'Hare, wenyewe wanamwita Butch, mtoto wa St. Louis. Huyu alikuwa hodari kweli, kikosi kilikuwa na mtindo wa kuwashusha vijana wapya kiburi, wakija tu wakongwe wanawapandisha angani kuwafundisha adabu, na Butch alipopandishwa yeye ndo akakaa kwenye mkia wa bosi. Thach akasema wewe chukua ndege nne uwe Zero, tumia nguvu zote za injini. Mimi nachukua nne na zangu nazifunga, mkono wa mafuta usivuke nusu. Yaani alijiumba dhaifu makusudi. Butch akashambulia akashambulia, akatua akasema haamini, kila alipojipanga kufyatua anakuta pua ya ndege nyingine imeshamgeukia. Na wale walikuwa na nusu ya nguvu za injini tu.

Sasa nimtoe Butch kidogo pembeni, maana jina lake mnalijua, kama kuna mtu humu ana ndugu Marekani amepitia Chicago basi ameteremka kwenye uwanja wa O'Hare. Watu mamilioni wanapita pale kila mwaka wanaburuta masanduku na ukiwauliza O'Hare nani hawajui.

Februari 20, 1942. Manowari ya kubeba ndege Lexington iko baharini upande wa Rabaul, kule visiwa vya karibu na New Guinea. Wajapani wakaiona, wakatuma ndege 17 kubwa za kutupa mabomu, injini mbili mbili, watu saba hivi ndani ya kila moja, bila ndege za kuwasindikiza. Zikaja kwa makundi mawili. Kundi la kwanza tisa, Wildcat zote zilizokuwa karibu zikalivamia, pakawa vumbi. Wakati wote wameshughulika huko, rada inaonyesha kundi la pili linakuja kutoka upande mwingine, ndege nane. Waliobaki upande ule wawili tu, Butch na mwenzake Dufilho. Wakapanda, Dufilho akajaribu bunduki zake, zimekwama. Zote. Mimi bunduki zikikwama nawaza fundi wake alivojisikia, lakini tuendelee.

Kwa hiyo mtu mmoja, ndege nane, na kila moja ina mzinga wa milimita 20 mkiani unamsubiri. Na risasi zake zimehesabika, 450 kila bunduki, ukikandamiza kitufe bila kuachia zinakwisha kwa kama sekunde 34. Thelathini na nne! Ndege nane. Gawanyeni nyinyi mnaosoma hesabu, sekunde nne na ushei kila moja, na hapo hujakosea hata mara moja.

Naona kuna mtu anatikisa kichwa. Sikiliza, ukiwa unarusha jiwe kwa mbuzi anayekimbia unarusha wapi? Mbele yake. Ukimpa mchezaji pasi ya mbio unaupeleka mpira mbele. Ndege ile inakwenda kama mita 110 kwa sekunde. Uko mita 250, risasi inachukua karibu theluthi moja ya sekunde kufika, muda huo ndege imeshasogea mita thelathini na kitu, na ndege yenyewe urefu wake mita 20. Ina maana ukiilenga ubavuni ukafyatua risasi zako zinapita nyuma ya mkia wake na hazimgusi mtu. Inabidi ulenge hewa tupu, ulenge urefu wa ndege moja na nusu mbele ya pua yake, na wewe mwenyewe unashuka unageuka, hiyo pembe inabadilika kila nukta. Jeshi la majini la Marekani liliwafundisha marubani wake hivo kwa miaka, kulenga pembeni, wakati majeshi mengi yalikuwa yanategemea kumkalia mtu nyuma. Thach alikuwa sheikh wa somo hilo. Butch mwanafunzi wake bora.

Kwa hiyo hakwenda nyuma kwenye mizinga. Alikuja kutoka juu pembeni, upande wa kulia wa kundi, akafyatua kidogo kwenye injini ya ndege ya mwisho, ikatoka kundini, akamalizana na inayofuata, akavuka akaenda upande wa kushoto, tena, akarudi. Hakuna kumwaga risasi. Anagusa anaachia, anagusa anaachia. Ndege ya kiongozi wao aliipiga mpaka injini moja ikang'oka kabisa ikaanguka peke yake, mimi nimefunga injini za ndege naelewa bolti zile zinavokuwa, nikiwaza injini kung'oka naumwa meno. Mambo yote yale kama dakika nne. Thach alipofika kusaidia, kwa maelezo yake mwenyewe, aliona ndege tatu za adui zinaanguka kwa wakati mmoja.

Meli haikuguswa. Wakampa Butch hesabu ya ndege tano. Baadaye watafiti walipopekua kumbukumbu za Wajapani wakaona alizoziangusha mwenyewe ni tatu na nyingine alizijeruhi, na wapo wanaoona kama hiyo inampunguzia. Mimi nasema tatu nne tano, jamaa alisimama mlangoni peke yake. Na niseme kweli yote, zile ndege za mabomu nazo tangi zake hazikuwa na kinga, ziliwaka haraka, na hazikuwa na Zero za kuzilinda, kwa hiyo mtu asije akaniambia Butch alipigana na Zero nane, hapana. Katika zile 17, mbili tu ndo zilirudi salama Rabaul.

Kinachonifurahisha zaidi ni kurudi kwake. Anakuja kutua, tairi ziko chini, kijana mmoja wa mzinga pale melini kwa kiwewe akamfyatulia! Mtu ametoka kwenye mizinga ya adui anakuja kupigwa na wa nyumbani. Akamkosa. Butch alipotua akamfuata taratibu akamwambia mwanangu, ukiendelea kunipiga risasi na mimi nimeteremsha tairi, itabidi nikakusemee kwa mkuu wako. Basi. Akaomba maji ya kunywa. Fundi alipokagua ndege, ilikuwa karibu nzima. Aprili 21 Rais Roosevelt mwenyewe akasimama pale Ikulu, mke wa Butch akamvisha mumewe medali kubwa kuliko zote za Marekani.

Sasa tumrudie Thach, maana mchezo wake wa njiti bado hajaujaribu kwa Zero.

Juni 4, 1942, Midway, visiwa vidogo katikati ya Bahari ya Pasifiki. Hapa mambo yalimwendea vibaya tangu kabla ya kuondoka. Kikosi chake kilikuwa kimevurugwa, vijana wake wengi wametawanywa, akapewa manowari ya Yorktown na marubani wa kikosi kingine ambao hawakuwahi kuujua huo mtindo. Msaidizi wake Lovelace, aliyekuja ili amsaidie kuwaunganisha, alikufa tarehe 30 Mei palepale sitahani, ndege iliyokuwa inatua iliruka kizuizi ikamwangukia. Halafu siku yenyewe Thach akaomba ndege nane, maana mtindo wake unakwenda kwa nne nne, akaambiwa chukua sita. Sita! Jamani nne mara ngapi inafika sita? Mimi nimefanya kazi sehemu unaomba bolti nane unapewa sita unaambiwa jitahidi, sitaitaja, kwa hiyo hapo namwelewa Thach mpaka rohoni.

Na ndege yenyewe wakati huo wamewaletea mpya, Wildcat yenye mabawa ya kukunja na bunduki sita badala ya nne. Mnadhani alifurahi? Alikasirika. Nzito zaidi, inapanda vibaya zaidi, na risasi kila bunduki zimepungua mpaka 240. Hoja yake ilikuwa kwamba mtu asiyeweza kupiga kwa bunduki nne hataweza hata ukimpa nane. Mimi naona alikuwa sahihi, lakini hapo ndipo ubishi huwa hauishi na wale wanaopenda namba kubwa kwenye karatasi.

Wakaondoka. Chini ndege 12 za topido, yale mabomu yanayopita majini kuifuata meli, ndege kuukuu, za polepole, zinakwenda kuzipiga manowari za Mjapani, Thach na wenzake watano wanazisindikiza, wawili kati yao wako chini karibu nazo, Thach juu na watatu. Zero zikawashukia, kati ya kumi na tano na ishirini. Sekunde za mwanzo tu mmoja wa wale wa juu, Bassett, akaanguka. Wamebaki watatu juu, Thach, kijana mgeni anaitwa Dibb, na Macomber. Thach anamwita Macomber kwenye redio, tawanyika, kaa mbali na mimi, kaa mbali! Macomber amemganda nyuma kama kupe. Redio yake imekufa, halafu ni wa kile kikosi kingine, hajawahi kufundishwa njiti. Kutoka kwake anaona kiongozi anayumba yumba tu, naye anafuata.

Thach akamwambia Dibb, wewe toka kulia, jifanye kiongozi wa kundi lingine. Dibb alikuwa hajawahi kupigana hata siku moja, ndo mara yake ya kwanza hata kukaa kwenye manowari ya ndege. Akatoka kulia. Kisha ikaja sauti yake, bosi, kuna Zero mkiani kwangu. Haya, njiti zenu, kata kona. Thach akageuka kumwelekea, Dibb akageuka, wakapishana, na Thach akajikuta uso kwa uso na ile Zero. Kwa kanuni alitakiwa apite chini yake. Mwenyewe amesema alipandwa na hasira kidogo, kuona mtoto yule mpya anataka kutafunwa, akakandamiza risasi hakuachia, akaamua huyu ndo atahepa si mimi. Yule akahepa, akapita juu yake futi chache tu, tumbo linatoa moto.

Ikafanya kazi. Wakasuka, wakasuka, Zero zinakuja zamu kwa zamu na kila ikija inakuta pua. Thach aliangusha tatu, Dibb moja. Thach alikuwa na karatasi ya kuandikia imefungwa kwenye goti, kila akiangusha anachora alama. Halafu akaacha. Akawaza mimi nachora nini na karatasi yenyewe hairudi? Alikuwa ana uhakika kabisa kwamba hawatoki hapo, walikuwa wengi mno, na yeye alikuwa anaendelea tu kwa sababu hakuna kingine cha kufanya.

Hapo natulia kidogo kila mara nikikisimulia kile kisa. Mtu kaacha kuhesabu lakini kona anazikata vilevile.

Wakati huo chini mambo yalikuwa maangamizi, zile ndege 12 za topido kumi zilianguka palepale na mbili zilizobaki hazikufika melini, ziliishia majini. Hakuna topido hata moja iliyopiga. Lakini Zero nyingi zilikuwa zimevutwa huko chini na kwa Thach, na juu kule hakukuwa na mlinzi. Thach akainua macho akaona kitu kinang'aa juani kinashuka, akakifananisha na maporomoko ya maji ya rangi ya fedha. Ndege za mabomu za Yorktown na za Enterprise, manowari nyingine ya Marekani, zinapiga mbizi. Katika dakika chache mno manowari tatu za Mjapani zikawa zinawaka, Kaga, na zile mbili niliyowaambia mziweke akilini, Akagi na Soryu. Miezi miwili tu tangu zilipowafukuza Waingereza mpaka Kilindini hapa. Sina uhakika kama siku ile kuna mtu Mombasa aliyelijua hilo, vita vilikuwa mbali na bei ya mchele iko karibu.

Zero zikapungua moja moja, Thach, Dibb na Macomber wakarudi Yorktown. Mchana huo huo Wajapani wakailipua Yorktown kutoka manowari yao ya nne, Hiryu, na Thach akaruka tena, na hapo aliangusha ndege ya topido ambayo bawa lake la kushoto lilikuwa linawaka mpaka mbavu za ndani zinaonekana na bado rubani wake aliishikilia mpaka akaiachia topido yake. Inaaminika alikuwa kamanda wao Tomonaga, ambaye aliondoka Hiryu akijua tangi lake moja limetobolewa asubuhi na mafuta ya kurudi hana. Thach hakumdharau. Alisimulia kile kisa kwa heshima na mimi nakisimulia hivo hivo.

Ule mtindo rafiki yake Flatley ndo aliupa jina, kusuka kwa Thach, na ukaenea mpaka kisiwa cha Guadalcanal, huko huko Pasifiki, ambako Wildcat zile zile nzito zilikaa miezi zinakabana na Zero. Butch hakuufaidi muda mrefu, Novemba 26, 1943 usiku, kule visiwa vya Gilbert, alitoka na Enterprise kwenye jaribio la mwanzo kabisa la kupigana usiku kwa ndege za manowari, akapotea, hakuonekana tena yeye wala ndege. Alikuwa hajatimiza miaka thelathini. Dufilho wa bunduki zilizokwama naye alishakufa Agosti 1942. Dibb akafa 1944 kwa ajali mazoezini. Thach ndo alizeeka, akastaafu akiwa admirali 1967, akafariki 1981.

Dakika zangu zimekwisha naona mshereheshaji ananionyesha saa. Swali moja tu basi. Ndiyo, huyo mtoto wa mbele. Eh? "Babu, njiti ni mbili mbili, wakiwa watatu je?"

Ahaa. Mashallah, umelala hujalala. Wa tatu ndo huyo Macomber mwanangu. Meza ya Thach haikuwa na nafasi ya njiti ya tatu. Hana redio, hajui kinachoendelea, hajui kwa nini wanapishana, kazi aliyoijua ni moja, popote anapokata Thach na yeye anakata hapo hapo nyuma yake, kulia, kushoto, kulia, na Zero zikija kwake zinakuta Dibb anageuka. Ndege yake ilirudi na matundu ya risasi, yeye mwenyewe mzima, na akaja kujua akishatua kwamba kumbe alikuwa anasukwa.

Haya, nani kachukua kibiriti changu? Wewe wa fulana ya kijani, lete na hiyo njiti.